Hodi Kwenye Shimo la Lifti

Jirani yangu Quek Gek Noi hakuchagua ufundi wa lifti. Aliona foleni, akaingia. Wanaojua tabia za kisiwa chetu cha Singapuri hawatashangaa. Sisi mtu akiona foleni hupanga mstari kwanza, na habari ya kinachogawiwa ataiuliza akishapata nafasi yake. Mimi mwenyewe, Salbiah, niliwahi kusimama juani nikidhani mbele wanauza kuku wa kuchoma kwa bei ya kutupa, kumbe watu wanasubiri kupimwa macho. Nikapimwa. Macho yangu mazima, lakini siku hiyo nyumbani tulikula mayai.

Tunaishi mlango kwa mlango hapa Toa Payoh, ghorofa ya kumi na moja. Gek Noi alikuwa keshia wa supamaketi iliyo chini ya jengo letu tangu binti yake hajaota meno, na binti huyo sasa ni mtu mzima na ameolewa Australia. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, na mdomo wake hauna siku ya mapumziko. Ukimwekea mbele yake mafuta na unga wa mchele, atataka kujua unapika nini, nani anakuja kula, na kwa nini mume wako siku hizi haonekani. Watu waliacha foleni fupi za makeshia wengine wakaenda kwenye ile yake ndefu, kwa sababu ukitoka pale umeshajua habari za mtaa mzima.

Kisha zikaja mashine za kujilipia mwenyewe. Gek Noi aliambiwa asimame kando awaonyeshe wateja namna ya kuzitumia, naye akawaonyesha kwa moyo mmoja. Wateja walipojua wote, yeye akawa hahitajiki tena. Mimi jambo lile liliniudhi, na linaniudhi mpaka leo. Nikienda pale siigusi mashine. Nasimama kwenye foleni moja iliyobaki ya binadamu, hata kama nimenunua ndimu mbili.

Baada ya hapo nikaanza kuona kitu. Asubuhi Gek Noi anashuka kutazama sanduku la barua. Nikirudi kutoka kantini ya shule ninakouza wali wa nazi, namkuta anashuka tena kulitazama sanduku lile lile. Jioni hivyo hivyo. Siku moja tulishuka pamoja, mimi nikatoka nje, yeye akabaki ndani ya lifti akapanda nayo juu. Kesho yake nikamkamata mlangoni.

"Shoga, wewe barua gani unayoingoja hivyo?"

"Barua ya nani? Siku hizi nani anaandika barua?" akasema huku anacheka. "Dada Sal, Hock Lam wangu anaondoka na gari lake alfajiri. Nyumba nzima hakuna wa kumwambia kitu. Kwenye lifti mtu akiingia hana pa kukimbilia mpaka ghorofa yake ifike."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi sikuweza kucheka. Nilisikia uchungu. Mtu niliyemzoea akimuuliza kila mwanadamu habari za nyumbani kwake, sasa anapanda na kushuka kwenye sanduku la chuma ili apate wa kumsalimu. Na kazi alizitafuta, msidhani alikaa. Aliomba kukusanya trei kwenye mabanda ya chakula, akakuta zinakusanywa na roboti lenye uso wa paka. Kwingine walimtazama mvi wakamwambia watampigia simu, na simu haikulia.

Sasa, serikali yetu ilikuwa imetuwekea kila mmoja fungu la masomo. Si pesa ya kushika mkononi. Ni ya kulipia kozi tu, ili kazi zikibadilika nawe ubadilike. Mara ya kwanza walipoligawa, watu wengi tulilitumia kwa starehe. Mimi nilisomea kupamba keki, nikajua kutengeneza mawaridi ya sukari ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniagiza. Hock Lam, mume wa Gek Noi, dereva wa gari la mizigo, alisomea kuchora maua juu ya kahawa ya maziwa, naye hunywa kahawa nyeusi tangu ujana wake. Serikali ikaona huu ni mchezo. Ikaongeza fungu jingine nono kwa sisi tuliovuka miaka arobaini, safari hii kwa kozi za kazi ya kweli peke yake.

Gek Noi fungu lake hakuligusa. Alisema shule alishamalizana nayo.

Jumamosi moja anatoka sokoni na kikapu chake, samaki wawili na fungu la mboga, akaona foleni imetoka nje ya ukumbi wa mtaa mpaka karibu na bustani ya watoto. Akaingia. Kisha akanipigia simu.

"Dada Sal, njoo mbio. Nimekushikia nafasi kwa kikapu."

"Kuna nini?"

"Sijui. Lakini ni ndefu."

Nikaenda, ningefanyaje? Mzee wa mbele yetu alituambia ana hakika wanagawa sufuria za umeme za kupikia wali. Mama wa mbele yake akasema si sufuria, ni vocha za mchele. Tukasogea, tukasogea, samaki wakaanza kunuka. Tulipoingia ndani, hakuna sufuria wala mchele. Kuna meza, na binti mmoja mwenye hijabu amekaa anatabasamu, na nyuma yake picha kubwa ya mwanamume mwenye kofia ngumu amepanda juu ya lifti.

"Karibuni, anti zangu. Mmekuja kwa ajili ya mafunzo ya ufundi wa lifti?"

Mimi niligeuka papo hapo kutafuta mlango. Gek Noi hakugeuka. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu mwingine: mtu wa kwetu akishasimama foleni muda wote ule hawezi kuondoka mikono mitupu. Aibu ya kurudi nyumbani bila kitu inamzidi.

"Wanalipa?" akauliza.

Binti akamweleza. Serikali italipa karibu ada yote. Kampuni moja ya lifti itamchukua na kumlipa mshahara huku anajifunza, na sehemu ya mshahara huo serikali itairudishia kampuni. Ataangaliwa kwa miezi sita, kisha mtihani. Akifaulu anaajiriwa moja kwa moja. Asipofaulu, basi.

"Kwa hiyo mimi ni ule mkate wa jioni," akasema Gek Noi. "Mnanibandika stika ya punguzo ili kampuni ininunue."

Binti akashindwa kujizuia akacheka. "Anti, umewahi kufanya kazi ya umeme?"

"Nimewahi kubadilisha balbu. Mume wangu alishika ngazi."

"Basi umeanza," akasema yule binti, na Gek Noi akaandikishwa hapo hapo, kikapu cha samaki miguuni.

Hock Lam alipoambiwa jioni ile alicheka mpaka akatoka nje kwenye baraza, na majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Kikawa kikao.

"Mke wangu fundi lifti," akawa anasema, anajifuta macho. "Jamani, samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakuwa ng'onda."

"Hata ng'onda hulowekwa akalainika," Gek Noi akamjibu kutoka jikoni. "Wewe ndiye uliyetiwa kwenye maziwa ukatoka vile vile."

Kesho yake alinong'ona kwangu kwamba alikuwa amefikiria kwenda kujitoa. Kile kicheko ndicho kilichomzuia. Maji ameshayavulia nguo, akasema, hana budi kuyaoga.

Akaanza. Alipewa mwalimu, Bwana Muthiah, mwanamume mrefu mwenye masharubu yaliyokatwa kwa uangalifu, aliyeishi kwenye mashimo ya lifti kwa zaidi ya nusu ya umri wake na kuzoea ukimya wa humo. Maskini ya Mungu, akaletewa Gek Noi. Siku ya kwanza juu ya paa la lifti, gizani, kamba za chuma zikipanda mbele ya pua yao, Gek Noi alimuuliza ana watoto wangapi, wanasoma wapi, mkewe anapika mchuzi wa dengu kwa tamarindi au bila, na kwa nini anakunja uso. Bwana Muthiah alivumilia mpaka saa ya chakula.

"Mama," akamwambia, "lifti siyo mteja."

"Najua. Mteja angeshanijibu."

Basi Bwana Muthiah alipokataa kujibu, Gek Noi akahamia kwa lifti yenyewe. Anafungua kisanduku cha nyaya anauliza, "Haya, wewe unaumwa nini?" Akisikia mlango unakwaruza anauambia, "Pole, nakuja, usipige kelele." Bwana Muthiah alinieleza baadaye kwamba alifikiri kuomba abadilishiwe mwanafunzi. Halafu akagundua kwamba mama huyu akizungumza na mlango anausikiliza pia, na kwamba kwa udogo wa mwili wake anapenya mahali ambapo yeye hulazimika kulala kifudifudi na kulaani. Akaacha kuomba.

Kusoma ndiko kulikomtesa. Vitabu ni vya Kiingereza na Gek Noi alisoma shule ya Kichina, tena si nyingi. Kwa hiyo jikoni kwangu kukageuka chuo. Nikirudi kantini ananisubiri na kitabu, mimi nasoma, yeye anarudia. Breki hizi, kamba hizi, kufuli la mlango linakaa hivi. Siku alipokataa kabisa kuelewa kufuli, nilitoa ule unga wangu wa sukari wa mawaridi nikalifinyanga, kila kipande na rangi yake, na tulipolielewa tukalila. Hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata katika kozi yangu. Hasara yake ni kwamba nami nikajua mambo ya lifti, na mtu akishajua mambo ya lifti hapandi tena akiwa na raha.

Alirudi nyumbani ananuka grisi. Kucha zikawa nyeusi, akaacha kupaka rangi. Vijana wa ghorofa ya tatu wakampachika jina Anti Grisi, naye akawaambia wakikwama ndani watamwita Bibi. Nilimwona amebadilika. Sanduku la barua alilisahau mpaka likajaa matangazo ya wauza nyumba.

Mtihani ukaangukia mwezi wa saba wa Kichina.

Ule ni mwezi ambao milango ya huko chini hufunguliwa na wafu wenye njaa hutembea. Kila mahali chini ya majengo watu huchoma udi na pesa za karatasi. Hawaogelei usiku, hawahami nyumba, na kwenye shimo lenye giza hawaingii bila kuomba ruhusa. Wafu wenyewe hawatajwi hivyo, wanaitwa ndugu wema, maana ukimwita mtu mwema huenda akawa mwema. Gek Noi ni mtu wa mambo hayo, na sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa kushuka peke yake chini kabisa ya shimo la lifti.

Mtihani ulifanyika kwenye jengo la mafunzo. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa na Gek Noi, kisha na Bwana Muthiah, na hadithi zao zililingana. Sehemu ya kwanza aliifanya safi. Ya pili safi. Ya tatu, kabla msimamizi hajafika, akasema moyoni hawezi kushuka kwa watu bila hodi. Akatoa chungwa mfukoni, akachomeka vijiti vitatu vya udi, akawasha, akaliweka kwenye kona nyuma ya pipa la taka pale mbele ya lifti. Akainama mara tatu. Juu ya kichwa chake, kwenye dari, palikuwa na kile kidude kinachonusa moshi.

Na lifti zikisikia moshi hufanya kama zilivyofundishwa: zote huacha safari zilizokuwa nazo, hushuka mpaka chini, hufungua milango na kugoma. Gek Noi alilijua hilo, tulilisoma pamoja jikoni kwangu. Kengele zikalia jengo zima. Watu wakamiminika kwenye ngazi mpaka uwanja wa magari: wapishi wanafunzi na kofia zao nyeupe, makarani wa benki waliokuwa wakijifunza kuuguza wazee, madereva wa teksi waliokuwa wakisomea kompyuta, wanawake wa kozi ya maua, kila mmoja na tawi lake mkononi. Nusu ya kisiwa kinachosomeshwa upya na serikali ilisimama juani ikiuliza kunaungua nini. Gari la zimamoto likaja.

Zimamoto wakatoka na chungwa.

"La nani hili?" mkubwa wao akauliza.

Gek Noi akanyoosha mkono. Angeweza kunyamaza, lakini kunyamaza hajui. "Langu, anko. Nilikuwa napiga hodi."

Watu walicheka, hata zimamoto. Msimamizi hakucheka. Alimwambia kwa upole kwamba kazi yake yote ilikuwa nzuri, lakini kuwasha moto karibu na shimo la lifti ni kosa ambalo halina msamaha. Amefeli.

Hizo zilikuwa siku mbaya. Gek Noi alikaa ndani, mlango umefungwa, redio haisikiki. Mimi nilipeleka wali nikaukuta kesho yake haujaguswa. Kilichonitisha ni jambo moja. Nilimkuta alasiri kwenye lifti, na nguo za nyumbani, anapanda.

"Unakwenda wapi, shoga?"

"Sijui," akasema. "Niache tu."

Bwana Muthiah ndiye aliyemwokoa. Alikwenda kwa wakubwa wa kampuni, yeye asiyezungumza, akazungumza. Wakakubali arudie mtihani mara moja tu, kwa gharama yao, kabla stika ya serikali haijaondolewa. Safari hii hakuna ya tatu. Kisha akaja mpaka hapa kwetu kumletea habari, akanywa chai yangu, akafungua sanduku lake la vifaa akatuonyesha ndimu imefungwa kwa kitambaa chekundu, imelala kati ya bisibisi.

"Mimi pia napiga hodi, mama," akasema. "Ila napiga kimya."

Tatizo ni kwamba tarehe aliyopewa ilikuwa bado ndani ya mwezi ule ule. Na Gek Noi, mkaidi kama mlango wa chuma, akasema bila udi hashuki.

Tulimweka kitako, mimi na Hock Lam, mezani kwao. "Omba moyoni," nikamwambia. "Mimi naomba moyoni kila siku, hakuna aliyeniitia zimamoto."

"Wa kwenu anasikia moyoni. Wa kwetu wanataka moshi."

"Shemeji, sema kitu," nikamgeukia Hock Lam.

Hock Lam alikuwa anatazama kikombe chake cha kahawa nyeusi. Tangu siku ya zimamoto hakuwa amemtania mkewe hata mara moja, na nyumba ile bila utani wake haikuwa nyumba. Na mambo ya udi hayataki. Moshi unamkohoza, na siku zote husema wafu hawali. "Mtihani saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne asubuhi."

"Basi saa nne wewe shuka shimoni. Hodi itapigwa."

"Itapigwa na nani?"

"Imetosha, nimesema itapigwa. Kula."

Siku yenyewe Hock Lam aliacha gari lake limeegeshwa. Nami nilikuwa nimemwachia msaidizi wangu kantini. Saa tatu na nusu tukashuka chini ya jengo, kwenye lile pipa la chuma la kuchomea, yeye na mfuko wa machungwa, bata wa kuchoma, na udi mkubwa mnene wa kuwaka kutwa. Mvua ikaanza, ile nyembamba ya kuudhi. Udi ukawa unataka kuzimika. Mimi dini yangu hairuhusu niushike udi ule, na sikuushika. Nilishika mwavuli. Mungu anajua nia yangu, na kama kuna la kujibu nitalijibu.

Ilipofika saa nne Hock Lam akaupandisha udi usawa wa uso. Alikuwa anakohoa, machozi yanamtoka, na sikuweza kujua yapi ni ya moshi.

"Ndugu wema," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na majirani. "Mke wangu anaingia kwenu sasa hivi. Ni mfupi, mtamjua. Ana maneno mengi, mvumilieni, mimi nimemzoea." Akakohoa tena. Nilidhani amemaliza. "Mwaka jana alikuwa anazimika ndani ya nyumba yangu na mimi sikuona. Nilikuwa namcheka. Mpeni kazi hii. Kama mnataka kitu, kipo hapa, na kama hakitoshi nitaleta kingine."

Nikauelekeza mwavuli upande wake, bega langu likalowa.

Tulikaa pale kwenye benchi la chini mpaka bata akapoa. Simu yake aliiweka gotini na kila mara aliifuta, na hakuna aliyepiga. Mafundi wakiwa kazini huzima simu, tulilijua hilo, na bado tuliitazama.

Saa saba hivi tukamwona anakuja kutoka kituo cha basi. Anatembea taratibu katikati ya watu, na kofia ngumu ya manjano bado iko kichwani. Alikuwa ameisahau; amepanda basi nayo, amekaa nayo njia nzima, hakuna aliyemwambia. Hock Lam akasimama. Mimi nikasema moyoni, mtu aliyefeli wangemvua kofia yao.

Alifika, akaona pipa, akaona majivu, akaona bata. Akamtazama mumewe, macho mekundu.

"Umechoma mpaka umeungua macho, mjinga wewe," akasema. Kisha akaanza kulia, na katikati ya kulia akatuambia amefaulu, na kwamba shimoni kulikuwa kimya na kumepoa, kama nyumba ambayo wenyewe wameshaarifiwa mgeni anakuja.

Hock Lam akambeba yule bata. "Twendeni juu," akasema. "Fundi atangulie, lifti ikikwama ajue la kufanya."

Alianza kazi Jumatatu. Amepangiwa majengo ya mitaa ya kaskazini, yeye na Bwana Muthiah kwa wiki za kwanza, kisha peke yake. Siku moja alikwenda kumtoa mzee aliyekwama kati ya ghorofa ya nane na ya tisa. Mzee akamsikia nje akauliza fundi yuko wapi. Gek Noi akamwambia fundi ndiye yeye. Mzee akasema basi hana haraka, atamsubiri fundi wa kweli. Wakabishana kupitia mlango, na mpaka anaufungua Gek Noi alikuwa ameshajua majina ya wajukuu wote.

Ijumaa ya wiki yake ya kwanza kazini niliwapelekea mchuzi wa samaki, jua likiwa bado halijazama. Mlango ulikuwa wazi. Sikusikia sauti ya Gek Noi, nikaingiwa na hofu, maana ukimya wa nyumba ile nilishaujua ulikotupeleka. Nikaingia haraka.

Alikuwa mezani, na sare yake, vijiti vya kulia bado vimeshikwa mkononi, kidevu kimeanguka kifuani. Anakoroma. Mbele yake bakuli la tambi limeliwa nusu. Hock Lam ameketi upande wa pili, hajagusa chakula chake, anamtazama.

Nikanyoosha mkono nimguse bega akalale vizuri chumbani.

"Muache, shemeji," akaninong'oneza Hock Lam. "Kesho ana kazi."